Machipukizi Ishirini kwa Kila Kaya

"Mwanangu, hii migomba mnaipanda ili tule, au mnaipanda ili mhesabu?"

Aliyeniuliza alikuwa mjane wa kijiji kimoja upande wa Izigo. Alisimama ukingoni mwa rweya, ule uwanda wa nyasi tupu ambako kwetu watu hukata nyasi za kuezekea na kulisha ng'ombe, lakini hakuna aliyewahi kupanda mgomba. Alikuwa na chipukizi begani na udongo mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa na kalamu, daftari, viatu vya kamba na shahada ya chuo kikuu. Nikasema kitu ambacho kikinijia hata leo nataka kutema mate.

"Kupanda ni hatua ya kwanza, mama."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Haya, waitu," neno letu la heshima, kwa ile sauti wanayotumia wanawake wa kwetu wakishajua kwamba hakuna jibu litakalokuja, akaenda kutafuta shimo lake.

Lengo lile nililitunga mimi. Naliandika hilo mapema kwa sababu nimewasikia wengi wa rika langu wakisimulia miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na katika masimulizi yao yote upuuzi ulifanywa na "wakubwa", watu wasio na sura waliokaa mbali. Mimi sikukaa mbali. Nilipanga chumba Bilele kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyenifundisha kupika wali, na kila asubuhi nilitembea mpaka ofisini, mjini Bukoba, ambako nilikuwa mtu wa chini kuliko wote katika kupanga miradi ya vijiji na mwenye kelele kuliko wote. Nilihoji kila kitu. Nilihoji kwa nini mikutano inaanza saa nne wakati barua zinasema saa mbili. Nilihoji kwa nini tunaitana ndugu huku chai ya mkuu inaletwa kwenye kikombe chenye kisahani na yetu kwenye vikombe vya bati. Watu walinichukia kwa upole.

Siku moja mkuu wetu, mtu mnene, mtaratibu, asiye na ubaya wowote unaoweza kuunyooshea kidole, alituletea karatasi ya mradi mpya. Juu kabisa iliandikwa: "Lengo ni kuinua kilimo cha migomba na kuimarisha moyo wa ujamaa vijijini."

Nikacheka. Nilikuwa na kicheko kibaya wakati ule.

"Ndugu mkuu, moyo ukishaimarika tutajuaje?"

"Utaonekana."

"Utaonekana wapi?"

"Kwenye ripoti," akasema, na hakuwa anatania.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa, na niliamini kama watoto wa Kashozi tulivyoamini katekisimu, kwamba lengo lisilo na idadi, lisilo na tarehe na lisilo na mwenye kulibeba si lengo, ni sala. Nikasimama ubaoni na kuwaonyesha. Kijiji kimoja cha mfano. Eka arobaini za migomba ya pamoja. Kabla ya sherehe ya chama. Kila kaya ilete machipukizi kadhaa, yahesabiwe, yaandikwe. Mtu yeyote anayejua kuhesabu ataweza kusema kama tumefika au hatujafika. Nilipoketi, mkuu alikuwa ananitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Karatasi yake ya moyo iliingia kwenye faili na haikutoka tena.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Alikuwa bwana shamba wetu, mzee wa Muleba aliyebakiza miaka michache astaafu, ambaye katika mikutano alikaa karibu na mlango na kofia yake gotini.

"Eka arobaini," alisema. "Za migomba. Kwenye rweya."

"Ndiyo, mzee. Ndiko kuliko na nafasi."

"Wewe binti si wa Kashozi?"

"Wa Kashozi."

"Kwenu mlikula nini mpaka ukafika chuo kikuu?"

Watu wakacheka. Nikasema, tulikula ndizi.

"Na ndizi zilikula nini?"

Nilijua. Mama yangu alibeba samadi kila siku ya Mungu kutoka zizini kwenda migombani, kwenye kapu lililotoboka, kinyesi kikimchuruzikia mgongoni. Jumapili alioga mara mbili kabla ya misa. Kila mtoto wa Kihaya anajua kwamba kibanja, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, halikuumbwa na Mungu. Limetengenezwa kwa mavi ya ng'ombe na nyasi zilizooza, kizazi juu ya kizazi, na ukitoka nje yake hatua kumi udongo unabadilika rangi.

"Rweya haijawahi kulishwa," mzee aliendelea. "Anza na eka mbili. Tuilishe samadi mwaka mzima, tutandaze nyasi, ndipo tupande. Eka mbili utazila."

"Eka mbili haziandikiki, mzee," nikasema. "Hakuna atakayetoa gari la ofisi kwenda kuona eka mbili. Samadi tutaiweka hatua ya pili."

"Mgomba umesoma hatua?"

Wakacheka tena, safari hii kwa upande wake, na kwa sababu ya kicheko kile nilishikilia eka arobaini kwa meno. Ningeshikilia hata mia. Mtu aliyesoma akichekwa mbele ya wasiosoma kama yeye anaweza kuua wilaya nzima.

Basi nikagawanya. Machipukizi yanayohitajika juu, idadi ya kaya chini. Jibu lilikaribia ishirini, nikaandika ishirini kwa kila kaya, nikapiga mstari chini. Mwenye kibanja kikubwa na wana watano wenye nguvu, ishirini. Mwenye kibanja cha ncha ya jembe, ishirini. Niliona usawa ndani yake na nilijipenda.

Tulipokwenda kijijini kuitangaza hesabu hiyo, mkutano ulifanyika nje ya stoo ya kahawa. Katibu wa kamati ya shamba alikuwa mwanamume mwenye adabu nyingi, shati limepigwa pasi, redio ndogo mfukoni. Alisoma majina ya kaya, na kila jina liliitikiwa kwa mguno. Alipofika kwa mjane yule, ambaye nilikuja kuelewa kuwa alikuwa mke wa kaka yake marehemu, akainua macho.

"Shemeji, ishirini. Usituangushe."

"Nikianguka mimi, shemeji, utaniinua?"

"Atainua kibanja," mtu akasema kwa nyuma.

Mkutano mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka pamoja nao kwa sababu nilipenda kuonekana naelewa.

Tuliporudi, ndani ya gari, bwana shamba alinieleza nilichokuwa nimekichekea. Mama yule alizaa mabinti tu, na wote walikuwa wameolewa mbali. Kwa desturi, kibanja cha mtu asiye na mtoto wa kiume kinarudi kwa ukoo wake, na hapa aliyekuwa karibu kukipata ni katibu. Lakini wazee walimhurumia mjane, wakamwacha akae hapo maisha yake yote kwa sharti moja, kwamba kibanja kiendelee kuwa kibanja. Siku kikigeuka pori watakaa baraza, watasema ameshindwa, na watamrudisha alikozaliwa na kapu lake.

"Na ardhi si imekuwa ya umma?" niliuliza.

"Nenda ukauambie ukoo."

"Kwa hiyo akitoa ishirini..."

"Kibanja chake kina mashina mangapi? Umeyahesabu? Wewe si mtu wa kuhesabu?" Alivua kofia, akaipiga vumbi dirishani. "Shina la mgomba ni mama, binti na mjukuu. Mama ana mkungu, anakatwa, amekufa. Binti ndiye mwaka kesho. Mkimchukua binti na mjukuu kila shina, yule mama mwaka kesho ana nini?"

Nilipeleka jambo hilo kwa mkuu kesho yake. Naomba nihesabiwe hilo, ingawa sijui nani wa kunihesabia. Nikasema tumpunguzie mjane mmoja, alete machipukizi matano. Mkuu akaniuliza kwa upole kama kuna wajane wengine kijijini. Nikasema wapo. Na wazee wagonjwa? Wapo. "Basi kila mmoja atakuja na machozi yake," akasema, "na ile hesabu yako nzuri itaharibika." Alisema *yako nzuri*. Nikatoka nikiwa nimefurahi. Huo ndio ukweli, na ni uchafu.

Siku ya kupanda niliwekwa penye njia inayoingia rweya, na meza ndogo, kuhesabu. Ningetaka kuwaeleza wale wanaosimulia moyo wa ujamaa nilichokiona pale mezani. Watu walileta takataka. Walileta machipukizi yaliyoliwa na fukusi mpaka tunguu la kila moja, lile shina la chini linalotoa mizizi, limekuwa unga mweusi. Wengine walileta aina za ndizi za pombe ambazo hata mbuzi wao hawazitaki. Wengine walikata shina la mgomba mkubwa, wakalichonga chini lionekane kama chipukizi, halina tunguu wala mzizi, ni nguzo ya maji. Katibu, mwenye shati la pasi, alileta ishirini, na nusu yake zilikuwa nguzo za namna hiyo. Niliigusa moja, majimaji yakanijaa kiganjani, yenye harufu ya kitu kilichoanza kuchacha. Yeye alinitazama usoni na kutabasamu.

"Ishirini, dada. Hesabu."

Nikahesabu. Ishirini. Safu niliyoichora mwenyewe iliuliza idadi, haikuuliza kitu kingine. Nikatia alama.

Siwalaumu watu wale kama ninavyojilaumu. Walifanya hesabu kama yangu, tena kwa akili zaidi. Walijua udongo ule hautazaa chochote, wakaupa kisichozaa chochote. Huo ulikuwa mradi wenye mpangilio kuliko wowote nilioufanya, maana kila mtu alitimiza kilichoandikwa.

Ila mjane. Yeye alileta machipukizi ishirini ya nshakala, ndizi ya kupika iliyo bora kuliko zote, kila moja na tunguu safi lililochongwa vizuri, limefungwa majani lisikauke. Alikuwa ameyabeba kwa safari nne. Nadhani aliogopa. Mwenye kukaa kwa huruma ya watu hawezi kuleta nguzo za maji, kwa sababu yeye ndiye atakayekaguliwa. Alipofika na la mwisho ndipo akaniuliza lile swali, kama tunaipanda ili wale au tunaipanda ili tuhesabu, na ndipo nikamjibu vile nilivyojibu.

Wageni walikuja wiki moja baadaye, kabla migomba haijapata wasaa wa kufa vizuri. Njia ilikuwa imetandazwa nyasi mpya. Palikuwa na mbuzi wa kuchoma na mitungi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyotengenezwa kwa ndizi ambazo hazikutoka rweya. Mgeni mkubwa alihutubia akiwa amesimama katikati ya mistari, na katika kunogewa akashika mgomba mmoja uliokuwa karibu. Mgomba ukalala. Haukung'oka, kwa sababu haukuwa na cha kung'oka, ulilala tu kama mlevi. Mwenyekiti wa kijiji akausimamisha kwa mguu, akaushindilia udongo, na mgeni hakukatiza sentensi yake. Nilitazama nyuso. Hakuna aliyecheka. Kwenye mkutano walicheka mjane alipotaniwa, na hapa, mbele ya kichekesho chenyewe, nyuso zote zilikuwa kama za watu walio kwenye ibada.

Nikachapa ripoti kwenye stensili kwa mkono wangu. Lengo limevukwa. Kwa kweli tulikuwa tumezidisha, kwa sababu baadhi ya kaya zilileta nguzo za ziada kwa bidii. Mkuu alinipa mkono mbele ya ofisi nzima, na mtu akatumwa kuninunulia soda. Nikainywa. Bwana shamba alikuwa amekaa karibu na mlango. "Hongera, binti," alisema. "Umeandikika."

Kiangazi kilipopita nikaomba gari nikaangalie. Mkuu aliona ajabu. Mradi si umekamilika? Lakini mzee alikuwa anakwenda Muleba kwa kazi zake, nikapanda naye.

Harufu ilitupokea kabla ya rweya. Migomba ikifa mingi kwa pamoja hainuki kama jani lililokauka. Inanuka kama nguo zilizolowa na kusahauliwa ndani ya sanduku. Mistari yangu ilikuwa bado imenyooka, nilikuwa nimeipima kwa kamba. Kila penye shimo palikuwa na uji wa kahawia wenye fukusi wanaotembea, na mbuzi wa mtu walikuwa wakipita katikati bila hata kunusa. Nilitoa daftari kwa mazoea. Nikatafuta mahali pa kuandika kwamba migomba imekufa, na sikuwa nimepaweka. Kulikuwa na jina la kaya, idadi, tarehe, sahihi. Nilikaa nimeshika kalamu, na mzee akageuka akatazama upande mwingine, nadhani kwa kunisitiri.

Kwa mjane tulikwenda kwa miguu. Kibanja chenye afya kina giza ndani yake, hata mchana, majani yanakutana juu na unatembea kwenye ubaridi. Cha kwake kilikuwa kimejaa jua. Mama-migomba walishakatwa mikungu yao na kuanguka, na mabinti waliopaswa kusimama mahali pao walikuwa uji kule rweya. Palipopigwa jua nyasi zilikuwa zimeshaingia, zile ngumu ambazo ukizing'oa asubuhi unazikuta jioni. Alikuwa anazing'oa. Alikuwa amekwenda kuomba machipukizi kwa majirani, lakini kila mtu alimwambia ametoa yake kwa kijiji.

Alitutandikia mkeka, akatupa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mila inavyotaka, kisha akaleta chakula. Ulikuwa muhogo. Sijui kama msomaji asiye Mhaya ataelewa kitu hicho. Katika nyumba ya Kihaya, mgeni kupewa muhogo, tena mgeni wa ofisini, ni mwenye nyumba kujivua nguo. Hakuomba radhi. Aliweka sahani katikati na kukaa pembeni, na tukala, kwa sababu kuacha kungekuwa kubaya zaidi.

Haukupita mwezi akaja ofisini. Alikuwa ametoka kwake gizani na sehemu kubwa ya njia alitembea. Aliniona, akapiga magoti kunisalimu, pale kwenye sakafu ya saruji, mbele ya watu wa masijala, mtu wa umri wa mama yangu. Nilimwinua kwa nguvu kiasi kwamba nadhani nilimwumiza mkono.

"Wameitisha baraza," alisema. "Wa ukoo. Wanasema kibanja kimenishinda."

"Wameshaamua?"

"Wataamua. Naomba barua, mwanangu. Fupi tu. Iseme machipukizi yalikwenda kwenye shamba la kijiji. Iseme mimi sikuwa mvivu."

Alisema hilo la uvivu kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

Nikaingia kwa mkuu. Nilikuwa na hasira na nilifikiri hasira inatosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai yake.

"Barua itasema mradi umemfilisi mtu?"

"Itasema kilichotokea."

"Na ripoti inasemaje?"

"Ripoti ni uongo, ndugu mkuu."

"Nani aliiandika?"

Hakunitisha wala hakupandisha sauti, ndiyo maana nasema hakuwa na ubaya wa kuunyooshea kidole. Alinihurumia. Alisema mimi ni kijana, nina safari ndefu, na tayari kuna mazungumzo ya kunipeleka masomoni. Kisha akapata wazo lililomfurahisha mwenyewe. Kwa nini tusimpe mama huyu barua ya pongezi? Yenye muhuri. Ikisema kwamba alishiriki kikamilifu katika kufikia lengo la shamba la pamoja. "Ni kweli au si kweli?" aliuliza.

Ilikuwa kweli. Kila neno. Nikaketi kwenye taipureta nikaichapa. Ofisi inampongeza mama fulani kwa kushiriki kikamilifu na kwa moyo wa kujitolea katika kufanikisha shabaha ya kijiji. Hapakuwa na machipukizi ndani yake, wala kupungua, wala kibanja. Nikaweka sahihi yangu, mkuu akagonga muhuri. Mama alikuwa hajui kusoma. Aliipokea kwa mikono miwili akainamisha kichwa, akaikunja ndani ya kitambaa, kitambaa akakifunga kiunoni chini ya kanga, akanishukuru kwa Kihaya kwa maneno marefu ambayo kwa kawaida mtu humshukuru nayo aliyemponya mtoto. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Sikumwambia barua inasema nini.

Mtu anaweza kusema, ungeandika nyingine nyumbani, kwa mkono, bila muhuri. Nililifikiria hilo Bilele, kwenye chumba changu, kwa siku kadhaa. Nikajiambia karatasi isiyo na muhuri si kitu, wazee wale wataitupa, na nitakuwa nimepoteza masomo bure. Nilijenga hoja hiyo vizuri sana. Nilikuwa hodari wa hoja.

Bwana shamba ndiye aliyeniletea habari, katikati ya mambo mengine, kama mtu anayetaja bei ya kahawa. Kibanja kimechukuliwa. Katibu ndiye aliyepewa. Mama amerudi kwao, kwa mtoto wa kaka yake, amepewa chumba cha nyuma. Akavaa kofia. Sikuwahi kumwona tena mama yule, na sikumtafuta. Nilikwenda masomoni. Nilisoma zaidi mambo ya kupanga miradi, na nilifaulu.

Niliporudi nchini vijiji vya mfano vilikuwa vimeshaachwa kutajwa, na miaka mingi zaidi ilipita kabla sijakanyaga tena upande ule. Nilikwenda kumzika bwana shamba. Baada ya mazishi tulikaa migombani kwenye nyasi, na mzee mmoja mwembamba akaja kukaa karibu nami, akaniuliza kama mimi siye yule dada wa daftari. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, kama enzi zake za ukatibu. Tukasalimiana. Aliniuliza habari za watoto, nami nikamwuliza za kahawa. Nilitaka kuondoka.

"Ile barua yako," akasema, akitafuna kahawa yake taratibu. "Niliwasomea wazee mimi mwenyewe."

"Haikusema kitu," nikasema.

"Haikusema. Wazee nao waliona hivyo. Walisema hii ni karatasi ya ofisi, inazunguka. Lakini aliyeweka sahihi ni binti wa Kashozi, anajua kibanja ni nini. Aje aseme kwa mdomo."

"Hakuna aliyeniita."

"Shemeji alikataa tukuite. Alisema una kazi nyingi, na mtu aliyeandika barua atakuja mwenyewe kuisimamia." Alitema maganda kiganjani. "Tukakungoja. Baraza likaahirishwa mara moja, likaahirishwa mara ya pili. Mimi nilipinga, sitakuficha. Nilikuwa nakitaka kile kibanja. Lakini walikuwa wameshakubaliana wote, mimi ndiye peke yangu niliyebaki upande wangu. Walisema ukija na kusema tu kwamba ni kweli machipukizi yalichukuliwa, mama abaki. Muhuri hakuna aliyeuulizia."